Stoma iko salama, fundi hayuko kazini: uchambuzi wa kisa cha kolostomi

Barua ya rufaa ilikuwa fupi: mwanamume, miaka 58, wiki ya 9 baada ya upasuaji wa Hartmann, ana vidonda kuzunguka stoma, asaidiwe. Stoma ni tundu linalofunguliwa tumboni ili choo kitoke nje na kuingia mfukoni; ikitoka kwenye utumbo mpana huitwa kolostomi. Iliambatana na kadi ya kliniki ya upasuaji yenye mahudhurio mawili, na yote mawili yaliandikwa karibu maneno yaleyale: "Stoma safi, inafanya kazi. Mshono umefunga. Aendelee."

Kila kilichoandikwa kwenye kadi hiyo kilikuwa kweli. Stoma ilikuwa na rangi nzuri ya ndani ya mdomo, yenye unyevu, imeinuka kidogo juu ya ngozi, na choo kinatoka. Ila mwenye stoma alikuwa ameacha kazi, ameacha msikiti, analala peke yake barazani, na amepungua kutoka kilo 63 hadi 55. Hakuna lolote kati ya hayo lililokuwa kwenye kadi, kwa sababu kadi ina nafasi ya stoma na haina nafasi ya mtu.

Kisa hiki kimeundwa kutokana na mambo tunayokutana nayo mara kwa mara katika kliniki za pwani ya Tanzania, na hakimwelezi mgonjwa mmoja anayeweza kutambulika. Nitamwita Fundi, kwani ndivyo mafundi cherehani wanavyoitwa mtaani.

Ilivyoanza

Fundi alifika hospitali usiku, tumbo limejaa na kukaza, hajatoa haja wala upepo kwa siku mbili. Eksirei ilionesha utumbo mpana uliovimba kupita kiasi. Sehemu ya karibu na mwisho ya utumbo huo, sigmoidi, ilikuwa imejisokota kwenye shina lake, mishipa ya damu ikabanwa. Tatizo hili madaktari wetu wanalijua sana. Hapa Afrika Mashariki huwapata zaidi wanaume. Kama utumbo bado uko hai, unaweza kunyooshwa kwa mpira unaopitishwa njia ya haja kubwa, kisha mgonjwa akapangiwa upasuaji kwa utulivu. Wa Fundi ulikuwa umeshaoza. Ukakatwa, sehemu ya chini ikafungwa na kuachwa ndani, ya juu ikatolewa nje kupitia ukuta wa tumbo upande wa kushoto. Ndio upasuaji unaobeba jina la Henri Hartmann, daktari wa Paris aliyeueleza mwaka 1921 kwa wagonjwa wa saratani. Leo unatumika zaidi katika dharura kama hii, kwani kuunga utumbo papo hapo kwenye tumbo lililochafuka ni hatari.

Hakuna aliyechora alama ya mahali pa kuweka stoma kabla ya upasuaji, wala simlaumu yeyote. Alama huchorwa mgonjwa akiwa amelala, ameketi, amesimama na ameinama, ili stoma ikae mbali na kitovu, mifupa, makovu, mikunjo na mahali pa mkanda, tena pale anapoweza kuiona kwa macho yake. Mtu mwenye tumbo lililovimba namna ile, saa nane za usiku, huwezi kumketisha ukamtazama mikunjo yake. Stoma iliwekwa palipowezekana: usawa wa kiuno, karibu na mshono wa katikati, palepale mwanamume wa pwani anapofungia kikoi.

Aliruhusiwa siku ya 8 akiwa na mifuko mitano, kipande cha karatasi kilichokatwa kwa ukubwa wa stoma ili kimwongoze kukata tundu la mfuko, na maelezo ya dakika chache yaliyotolewa kwa mkewe wakati Fundi mwenyewe amegeukia ukutani. Kugeukia ukutani ni jambo la kuandikwa kwenye faili kama linavyoandikwa joto la mwili. Mgonjwa asiyeitazama stoma yake hajajifunza kitu, hata kama familia yote imeitikia "tumeelewa".

Swali la kwanza

Waliingia kliniki, Fundi mbele, mkewe nyuma amebeba mkoba wenye kanga mbili za akiba. Nikaamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, akaketi ukingoni mwa kiti mbali na meza. Harufu ilikuwepo. Muuguzi hatakiwi kujifanya haisikii, wala kuitaja kabla ya mtu kupumua.

Tungeweza kuanza na vidonda, kwani ndivyo vilivyoandikwa. Nikamuuliza: "Fundi, tangu utoke hospitali, kitu gani umeacha kufanya?"

Akanyamaza. Mkewe akajibu, "Muulize kilichobaki, sista."

Likafunguka. Cherehani imefunikwa shuka, na wateja wameanza kuja kuchukua vitambaa vyao bila kushonewa. Alijaribu kurudi kazini wiki ya 5, mfuko ukaachia akiwa anapima suti ya mteja. Tangu siku hiyo hatoki nyumbani isipokuwa kuja kliniki. Anakula mara moja kwa siku, jioni, chai kavu na mhogo kidogo, akiamini tumbo tupu halitoi kitu. Kusali ameacha. Hakusema ameacha kwenda msikitini; alisema ameacha kusali, kwa kuwa anajiona yuko na najisi saa zote na udhu haushiki. Alitamka hilo akiangalia mikono yake, na nadhani ndilo lililokuwa zito kuliko yote.

Zipo dodoso zilizotungwa kupima ubora wa maisha ya watu wenye stoma. Mojawapo, Stoma-QoL, ina maswali 20. Nyingine, iliyotokana na kazi ya wauguzi wa City of Hope huko Marekani, hugawa maisha katika sehemu nne: mwili, nafsi, jamii na imani. Mgawanyo huo wa pili naupenda, hasa kwa kuipa imani sehemu yake kamili. Lakini dodoso hukupa alama, na alama hazikuambii mfuko uliachia mtu akiwa ameinama upande gani. Kwa Fundi, kila alichopoteza kilifuata mfuko kuvuja. Angekuwa na mfuko usiovuja angekula, angeshona, na pengine hata la udhu tungelizungumza mapema. Kwa hiyo tukaanza kuutafuta uvujaji.

Kwa nini mfuko uliachia

Alipolala kitandani tukavua vilivyokuwepo: mfuko mmoja wa siku sita, uliozungushiwa plasta pande zote, na juu yake kanga iliyofungwa kwa nguvu. Plasta hizo zilikuwa sehemu ya tatizo. Mfuko unapoanza kuvuja kwa chini, plasta ya juu huzuia kinyesi kisionekane tu, nacho kinaendelea kukaa juu ya ngozi. Mgonjwa anafurahi kwamba shuka ni safi huku ngozi inaliwa kimyakimya. Mfuko unaovuja hutolewa. Haubandikwi kiraka.

Chini ya duara la gundi linaloushikisha mfuko tumboni, ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka na inatoa maji, hasa upande wa chini na upande wa kitovu. Hakukuwa na vipele vidogo vilivyotawanyika nje ya eneo hilo, vile vinavyotufanya tufikirie fangasi, jambo la kawaida kwenye joto na jasho la pwani. Mchubuko ulifuata njia ya kinyesi, kwa hiyo tiba yake ni kuziba njia, na dawa ya kupaka ingekuwa kupoteza muda.

Nikapima stoma. Ilikuwa na milimita 32. Nikakiomba kile kipande cha karatasi walichopewa wodini, mkewe akakitoa kwenye kitambaa alikokitunza kwa uangalifu wa kuhuzunisha. Tundu lake lilikuwa na milimita 45.

Baada ya upasuaji stoma huwa imevimba, na husinyaa kwa muda wa wiki sita hadi nane. Karatasi ya siku za mwanzo huwa sahihi kwa siku za mwanzo tu. Mama huyu alikuwa amefuata maelekezo neno kwa neno kwa miezi miwili, akikata kila mfuko kwa tundu kubwa kuliko stoma kwa zaidi ya sentimita moja, na ngozi yote iliyobaki wazi ilikuwa ikiogeshwa kinyesi mchana na usiku. Tundu linatakiwa kuzidi kipenyo cha stoma kwa milimita 2 hadi 3 tu. Hakuna aliyewaambia wapime upya, wala hakuna aliyewapimia katika yale mahudhurio mawili, kwa sababu kufanya hivyo kungehitaji kuvua mfuko, na mfuko ukivuliwa lazima upatikane mwingine.

Halafu kulikuwa na mafuta ya nazi. Ngozi ilipoanza kuwasha, mkewe alikuwa akiipaka mafuta safi ya nazi kila anapobadilisha, kama ambavyo mama yeyote wa pwani angefanya kwa mtoto mwenye upele. Gundi haishiki juu ya mafuta. Haishiki pia juu ya losheni, wala juu ya sabuni yenye mafuta isiyosuuzwa vizuri. Wengine hukimbilia spiriti wakidhani inakausha, nayo huchoma ngozi iliyochubuka na kuiharibu zaidi. Maji ya vuguvugu na kitambaa laini vinatosha. Ngozi ikaushwe kwa kugusagusa, bila kusugua. Nywele zikatwe kwa mkasi badala ya wembe.

Hayo yote yalieleza ngozi. Hayakueleza kwa nini mfuko uliachia palepale kazini, ilhali akilala unakaa hata siku nne. Jibu la hilo lisingepatikana kitandani. Wagonjwa wetu wenye stoma huchunguzwa wakiwa wamelala chali, mkao ambao tumbo lolote huwa tambarare. Tukaleta stuli, nikamwomba akae kama yuko kwenye cherehani yake: miguu kwenye pedeli, mikono mbele, kichwa kimeinamia sindano. Alipoinama tu, tumbo likajikunja mstari mmoja chini kidogo ya stoma, na upande wa kitovu kovu la upasuaji likazama na kuwa mfereji. Duara la gundi lililokuwa limelala vizuri dakika moja kabla likainuka ukingo mbele ya macho yetu. Mkewe akasema, "Haa, kumbe!"

Kwa maoni yangu hakuna mgonjwa wa stoma anayepaswa kuruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya kutazamwa katika mkao wa kazi yake. Mkulima ainame kama anapalilia, mama achuchumae kama yuko jikoni kwenye mafiga, dereva wa bodaboda akae kama ameshika usukani. Haihitaji kifaa chochote.

Tulichofanya

Ngozi iliyochubuka ilinyunyiziwa poda ya stoma, iliyozidi ikapukutwa, ikapuliziwa kinga ya ngozi juu yake ikakauka, kisha tukarudia. Ganda jembamba linalojengeka hivyo hufyonza unyevu na kuiachia gundi mahali pa kushika. Mfereji wa kovu na ule mkunjo wa chini tulivijaza kwa vipande vya utepe wa kuzibia, hadi pande zote zikawa usawa. Tundu likakatwa milimita 35. Duara likashikwa kati ya viganja kwa muda ili gundi ilainike kwa joto, likabandikwa Fundi akiwa ameketi, na akaliwekea kiganja chake mwenyewe juu. Hilo la mwisho lilikuwa la makusudi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuigusa sehemu ile.

Duara lenye mbinuko upande wa ngozi lingefaa zaidi kwa tumbo kama lake, lakini halikupatikana. Mahali pake tulihitaji mkanda wa kulisukuma duara kuelekea kwenye ngozi. Nikaanza kumchorea kwenye karatasi. Akanitazama, akanyang'anya kalamu, akachora upya: mkanda mpana wa khaki, lastiki pande mbili, tundu katikati lililozungushiwa pindo mbili ili lisijikunje, vifungo ubavuni visiumize akilala. Aliuliza mfuko ukijaa unakuwa na uzito gani, akaongeza mfuko wa kitambaa wa kuubeba kwa chini. Sijaona mkanda wa dukani uliokaa vizuri kuliko aliourudisha nao wiki iliyofuata. Kikoi alikihamishia juu ya stoma, karibu na mbavu, akakishikilia kwa kamba za mabegani chini ya kanzu.

Suala la mifuko linauma. Mfuko mmoja dukani humgharimu Fundi zaidi ya anachopata kwa kupunguza suruali moja, ndiyo maana aliukalia siku sita. Kabla ya tarehe 1 Juni 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, mgonjwa aliyekosa mfuko halisi alifunga rambo kiunoni kwa kitambaa. Marufuku ile imesafisha mitaro yetu na siilaumu, ila maskini wa stoma wakabaki na vifuko vyepesi vya kufungia karanga. Kwa mwenye kolostomi ya sigmoidi, ambaye choo chake huwa kigumu na mara chache kwa siku, kifuko cha kujitengenezea huku ngozi imepakwa krimu ya zinki si aibu wala si uzembe. Ni njia ya akiba inayofundishika. Ikumbukwe tu kwamba zinki na gundi havikai pamoja: ukichagua moja, umeiacha nyingine. Mwenye ileostomi, yaani stoma ya utumbo mwembamba, hana uhuru huo. Kinachotoka kwake ni majimaji yenye vimeng'enyo vinavyoila ngozi kwa saa chache, tena akipoteza zaidi ya lita moja na nusu kwa siku anaelekea kukaukiwa maji na chumvi.

Chakula tulikirudisha kwa kumweleza kwamba utumbo mtupu hauachi kufanya kazi. Hutoa gesi zaidi, na mfuko uliojaa gesi huinua gundi. Ale mara tatu, kidogokidogo, atafune vizuri, anywe maji ya kutosha. Maharage, kabichi na soda aviangalie siku za kazi. Samaki hakukatazwa. Kumkataza samaki mtu wa pwani kwa sababu ya harufu ni kumwongezea msiba mwingine.

Udhu

Hapa muuguzi anapaswa kujua mipaka yake. Nilifahamu kwamba fiqhi, elimu ya sheria za Kiislamu, ina mlango wa mtu mwenye udhuru wa kudumu, kama yule asiyeweza kuzuia mkojo, na kwamba stoma hulinganishwa nayo. Lakini mimi kumwambia "sali tu, Mungu anaelewa" kungemfariji kwa dakika tano. Fundi hakuwa akitafuta faraja. Alitaka hukumu kutoka kwa mtu mwenye elimu yake. Kwa ridhaa yake tukamwomba imamu wa msikiti wa mtaa wake afike nyumbani, naye alihitaji kuelezwa stoma ni nini, kwa nini haina msuli wa kuzuia, na kwamba mfuko ukifungwa vizuri hakuna kinachogusa nguo wala mkeka.

Imamu alimweleza kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii, wanayoyafuata watu wengi wa pwani: asubiri wakati wa sala uingie, amwage kilichomo, ajisafishe na kufunga vizuri, atawadhe kwa ajili ya sala hiyo ya faradhi na asali bila kuchelewa, kitakachotoka baada ya hapo, sala yake ni sahihi. Kila faradhi na udhu wake. Msikitini aende maadamu ana hakika hatauchafua. Fundi aliuliza maswali mengi, mengine madogo sana, na kila moja likajibiwa. Mkewe alituambia baadaye kwamba usiku ule alisali Isha akalia.

Nimewahi kusikia wenzangu wakisema mambo haya si ya uuguzi. Madaktari wa Ankara walichapisha mwaka 2002 utafiti juu ya wagonjwa Waislamu waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya puru, yaani mwisho kabisa wa utumbo mpana, ukionesha kwamba waliobaki na stoma waliathirika katika sala na saumu kuliko wale ambao njia yao ya kawaida ilihifadhiwa. Kama hasara hiyo inaweza kupimwa, basi inaweza pia kuuguzwa.

Barazani

Kulala kwake nje kulishughulikiwa na muuguzi mwenzangu wa kiume, mtu mzima, kwani kuna maneno ambayo mzee hawezi kumwambia binti wa umri wa mwanawe, na sioni sababu ya kumlazimisha. Hofu yake ilikuwa kwamba upasuaji umemmaliza nguvu za kiume. Wanaotolewa puru kwa saratani wako hatarini kweli, kwa sababu mishipa ya fahamu ya nyonga hupita karibu sana na kisu. Upasuaji wa Fundi haukufika huko. Kilichomzuia kilikuwa aibu, kuishiwa chakula na woga wa kuvuja. Akashauriwa amwage mfuko kabla, aukunje na kuufunika kwa kitambaa, na waanze kwa kulala chumba kimoja. Mke alikuwa na ombi moja, asifukuzwe wakati wa kubadilisha mfuko. Sikuuliza zaidi.

Kilichomsogeza Fundi kuliko maneno yetu yote, nadhani, ni dereva wa bodaboda mwenye kolostomi ya miaka mingi, ambaye kwa hiari yake huja kliniki kuzungumza na wagonjwa wapya. Aliinua shati bila kuombwa, akamwonesha, wakaanza kubishana juu ya mikanda. Hili si jipya: Norma Gill, aliyeanza kazi ya kuwahudumia watu wenye stoma kule Cleveland mwaka 1958 pamoja na daktari Rupert Turnbull, alikuwa mwenyewe na ileostomi. Na mfuko wa kubandika kwa gundi ulibuniwa mwaka 1954 na muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, kwa ajili ya dada yake aliyekuwa anaogopa kutoka nje.

Maji ya vuguvugu

Wiki ya 14 ngozi ilikuwa imepona na cherehani inalia tena. Mifuko bado ilimla fedha. Tukapendekeza umwagiliaji: kuingiza maji ya vuguvugu kwenye stoma kwa mpira wenye ncha ya koni, kuanzia nusu lita na kupanda hadi lita moja, ili utumbo ujisafishe kwa wakati mmoja na ukae kimya siku nzima au zaidi. Hufaa kolostomi ya upande wa kushoto tu, kamwe si ileostomi. Daktari aridhie kwanza, stoma iwe haijasinyaa mlango, pasiwe na ngiri wala utumbo unaochomoza. Koni ndiyo inayotakiwa. Mpira mtupu unaweza kutoboa utumbo.

Nashangaa njia hii inafundishwa kwa nadra hapa kwetu, ambako mfuko ni ghali na maji mtu huchota mwenyewe. Kikwazo cha Fundi kilikuwa choo. Anaishi nyumba ya kupanga yenye choo kimoja cha wapangaji wote, na umwagiliaji huchukua karibu saa nzima. Ukikikalia choo cha pamoja saa nzima alfajiri, utagombana na nyumba nzima. Akapanga kufanya usiku baada ya Isha, wakati wapangaji wameshalala, ndoo ya maji ya kuchemshwa ikiwa imepoa tangu jioni. Baada ya wiki kadhaa za kuvurugika utumbo ukazoea. Mchana alibaki na kifuniko kidogo cha kitambaa na pamba chini ya mkanda, na mfuko mmoja wa akiba mkobani. Ijumaa alirudi safu ya nyuma karibu na mlango, kisha safu za mbele. Uzito ukafika kilo 60.

Ilipofikia

Mwezi wa 6 baada ya upasuaji alikuja na uvimbe laini pembeni ya stoma, unaojitokeza akikohoa na kurudi akilala. Ni ngiri ya pembeni ya stoma, jambo la kawaida kwa watu wenye kolostomi. Fundi alikuwa ameinua kichwa cha cherehani kukipeleka kwa fundi wa mashine, na huenda hilo lilichangia; huenda ukuta wa tumbo ungeachia hata bila hivyo. Umwagiliaji tukausimamisha, kwani penye ngiri utumbo hujipinda na koni huweza kuleta madhara. Amerudi kwenye mifuko, tumepima upya na kukata upya, na mkanda ameupanua kwa vidole vitatu na kuutia kitambaa kigumu mahali pa uvimbe. Ameelezwa kwamba uvimbe ukigoma kurudi, ukiuma, akitapika au stoma ikigeuka rangi kuwa zambarau au nyeusi, asisubiri kliniki.

Daktari amempa nafasi ya kuungwa utumbo na kurekebishwa ngiri kwa upasuaji mmoja. Ni upasuaji mkubwa wenye hatari ya utumbo kuvuja pale ulipoungwa, na wengi wenye kolostomi ya Hartmann hawarudi kuungwa kamwe, wengine kwa uamuzi, wengine kwa kukosa nauli na gharama. Fundi hajakataa. Ameuliza kama inaweza kusubiri hadi baada ya Idi, kwa sababu Ramadhani ndiyo msimu wa kanzu na ana oda ambazo hawezi kumwachia mtu. Daktari amekubali, kwa sharti la kuonekana kliniki kila baada ya wiki mbili, na safari hii kwenye kadi kumeandikwa pia kazi yake.